Greenwich Village: Nyumba Zilibaki, Wapangaji Wakaenda

Niliporudi kutoka New York, rafiki yangu mmoja anayepiga gitaa la solo katika bendi ya benga hapa Kondele, Kisumu, hakuniuliza habari za maghorofa, wala baridi, wala kama kweli watu wa huko hula wakitembea. Alisubiri nimalize kusimulia, akalaza gitaa mapajani, akauliza: “Omera, huo mtaa wa wasanii uliokwenda kuuona, wasanii wenyewe wanalipa kodi pesa ngapi?”

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikakwama. Ukweli ni kwamba wengi wao hawalipi chochote pale kwa sababu hawaishi tena pale. Lakini ukiishia hapo umesema nusu ya habari. Wapo wachache ambao hawajaondoka, na kilichowabakiza ni kitu tofauti kabisa na kilichoyabakiza majengo. Watalii huchanganya mambo hayo mawili, nami siku ya kwanza niliyachanganya.

Mtaa wenyewe ni Greenwich Village, upande wa magharibi wa Manhattan ya chini. Kwa zaidi ya miaka mia moja umejulikana kama makao ya wachoraji, washairi, wanamuziki na wabishi wa siasa, watu ambao Wazungu huwaita wa bohemia. Neno hilo lilianza kwa kosa la jiografia. Wafaransa waliwaona Waroma, wale watu wa kuhamahama, wakadhani wametoka Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, wakawaita hivyo. Katika karne ya 19 jina likawageukia vijana wa Paris waliochora na kuandika huku wakihama chumba hiki kwenda kile, mwenye nyumba akiwa nyuma yao. Kwa hiyo tangu mwanzo ubohemia haukuwa habari ya nywele ndefu na divai. Ulikuwa habari ya mtu asiye na hakika atalala wapi mwezi ujao. Mpangaji yeyote wa Manyatta anaielewa hali hiyo bila kufundishwa.

Mpwa wangu anaishi Jersey City, ng’ambo ya mto Hudson, na kazi yake ni kumhudumia bibi mmoja mzee anayeishi Village. Asubuhi tulipanda treni ya PATH inayopita chini ya mto na kutokea Christopher Street. Sikwenda kama mtalii mwenye kitabu mkononi. Nilimfuata mtu anayekimbilia kazini. “Mjomba, ukipotea usinipigie simu kuniuliza njia,” akaniambia tulipoagana mlangoni. “Mimi mwenyewe najua njia moja tu.”

Mitaa iliyokataa namba

Kupotea Manhattan kunahitaji kipaji. Sehemu kubwa ya kisiwa imepangwa kama daftari la hesabu: barabara ndefu zinakwenda juu, mitaa inakata kwa upana, yote kwa namba. Ukiwa mtaa wa 23 na unataka wa 34, unahesabu tu. Mpango huo ulitolewa mwaka 1811 na makamishna watatu waliochora barabara ndefu 12 na mitaa 155, nyingi zikipita kwenye mashamba, mawe na madimbwi, maana mji wenyewe ulikuwa bado umejibana kwenye ncha ya kusini.

Shida yao ilikuwa Greenwich. Wakati ule kilikuwa kijiji kamili, mbali na mji, chenye njia zilizofuata ukingo wa mto na mipaka ya mashamba ya watu. Njia za mto Hudson zilikwenda mshazari na rula ya makamishna. Kunyoosha kungemaanisha kubomoa, kwa hiyo wakaacha. Mji ulipopanda kaskazini ukakizunguka kijiji na kukimeza bila kukitafuna. Jina Village, yaani kijiji, lina historia hiyo. Si pambo la madalali wa nyumba.

Mtu wa Kisumu anaweza kuliona jambo hili bila ramani ya New York. Simama Oginga Odinga Street uangalie: katikati ya mji kumepigwa mistari na maofisa wa kikoloni baada ya reli kufika hapa mwaka 1901, mahali walipopaita Port Florence. Kisha nenda Nyalenda. Njia inakwenda vizuri hatua arobaini, halafu inazunguka bila sababu unayoiona. Sababu ipo: hapo palikuwa na boma la mtu, na ua wa boma hilo ndio uliokuwa na haki ya kwanza. Nyalenda na Manyatta zilikuwa makazi na mashamba ya familia nje ya mji, zikaingizwa ndani ya mipaka baada ya uhuru. Mstari wa afisa ulipokutana na ua wa mzee, ua ulishinda.

Village ua ulishinda kwa vituko. Kwingineko mitaa yenye namba haikutani, kwa kuwa yote inakwenda upande mmoja. Pale West 4th Street inapinda kuelekea kaskazini, ikakata West 10th, kisha 11th, kisha 12th, kana kwamba mwalimu wa hesabu alilewa. Mtaa wa Waverly Place unajigawa na kukutana na nafsi yake. Palipo na makutano hayo kuna jengo la pembetatu la mwaka 1831, liliwahi kuwa zahanati ya maskini, ambalo pande zake mbili ziko kwenye mtaa mmoja na upande mmoja uko kwenye mitaa miwili. Nililizunguka mara tatu kuhakikisha. Ni kweli.

Utasema hayo ni ya kufurahisha watoto, lakini humo ndimo ulimokaa unafuu wa kodi. Mtaa usio na barabara ya kupita moja kwa moja haumvutii mwenye ghala kubwa. Ploti zilizokatwa kama vipande vya muhogo hazimpendezi mjenzi wa ghorofa. Pesa kubwa ikapita kando, ikafuata barabara ndefu zilizonyooka, na nyumba za matofali za ghorofa tatu au nne zikabaki zikizeeka. Nyumba inayozeeka katika jiji linalokua hugawanywa vyumba. Vyumba hupangishwa kwa bei ambayo mchoraji asiyeuza picha anaweza kuipigania.

Waliotangulia

Simulizi inayopendwa ni kwamba wasanii waliugundua mtaa huo. Mimi huingiwa na shaka nikisikia neno kugundua. Sisi wa kandokando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, tunajua ziwa letu “liligunduliwa” na nani, na nani walikuwa wakivua humo siku hiyo.

Mwaka 1644, mji ukiwa bado wa Waholanzi na ukiitwa New Amsterdam, Waafrika 11 waliokuwa watumwa wa Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi waliomba uhuru wao, wakapewa nusu yake. Walipewa pia vipande vya ardhi kaskazini mwa mji, wao na wengine waliofuata, katika eneo linalogusa Village ya leo. Uholanzi haukutoa zawadi. Mashamba hayo yalikaa kati ya mji na wenyeji Walenape waliokuwa vitani na Waholanzi, hivyo Waafrika waliwekwa pale kama ukuta wenye roho. Kila mwaka walitakiwa kulipa nafaka na nguruwe mnono, na watoto wao, waliozaliwa na watakaozaliwa, walihesabiwa bado ni watumwa. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1664 haki hizo zilianza kubanwa, na baadaye ardhi ikawatoka mikononi. Nilitembea pale nikitafuta alama ya habari hiyo kwa ukubwa unaolingana nayo, nikaona mikahawa.

Baadaye likaja gonjwa. Homa ya manjano iliupiga mji mara kwa mara, na mlipuko wa mwaka 1822 uliwafukuza wenye uwezo kwenda Greenwich kwenye hewa safi. Bank Street iliitwa hivyo kwa sababu mabenki yalikimbizia shughuli zake huko nyakati za homa. Wasio na uwezo walikwenda Greenwich kwa njia nyingine: uwanja ambao leo ni Washington Square ulikuwa makaburi ya maskini na wasio na ndugu, na inakadiriwa maiti zaidi ya 20,000 bado zimelala chini ya nyasi ambako wanafunzi wa chuo kikuu hula mchana. Miaka ya 1820 makaburi yalifungwa, pakawa uwanja wa gwaride. Matajiri wakajenga nyumba nzuri za safu upande wa kaskazini miaka ya 1830.

Matajiri wa mjini hawakai. Mji ulivyopanda walipanda nao, wakaacha nyumba zao kwa wapangaji. Kusini mwa uwanja wakaingia Waitaliano. Kuzunguka Minetta Lane walikuwepo Wamarekani weusi kwa miongo mingi kabla ya Harlem kuwa Harlem, mtaa mashuhuri wa weusi. Karibu na uwanja kulikuwa na viwanda vya nguo, na katika kimojawapo, Triangle, moto wa tarehe 25 Machi 1911 uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Msanii alipofika na sanduku lake mwanzoni mwa karne ya 20 alikuta mtaa umeshajaa watu, una mkate wa bei nafuu, una majirani wasiouliza maswali. Aliukuta nafuu kwa sababu maskini walikuwa wameshaufanya nafuu.

Hata mazizi yaligeuzwa. Nyuma ya nyumba za matajiri kulikuwa na vichochoro vya kufugia farasi. Magari yalipokuja farasi wakaondoka, na wachongaji wakaingia na udongo wao. Kichochoro kiitwacho MacDougal Alley ndicho maarufu zaidi. Gertrude Vanderbilt Whitney, mchongaji aliyezaliwa katika ukoo wa kitajiri, aliweka studio humo mwaka 1907, na jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake lilifunguliwa karibu na hapo mwaka 1931. Ukiinua macho mitaani utaona paa zenye madirisha makubwa yaliyolala mshazari. Yale yalikatwa kwa ajili ya wachoraji waliotaka mwanga wa kaskazini, usiohamahama na jua.

Jamhuri ya usiku mmoja

Katikati ya uwanja kuna tao la marumaru lililojengwa kumkumbuka George Washington, likakamilika mwaka 1892. Ndani ya mguu wake mmoja mna ngazi. Usiku wa Januari 1917, watu sita walipata njia ya kupanda ngazi hizo, miongoni mwao Gertrude Drick aliyekuwa msanii, mchoraji John Sloan na msanii Mfaransa Marcel Duchamp. Juu wakawasha taa za karatasi, wakafunga baluni, wakafyatua bastola za kuchezea, wakatangaza kwamba Village imejitenga na Marekani na sasa ni jamhuri huru. Asubuhi baluni zilikuwa bado zikipepea. Marekani haikujibu.

Aliyejibu alikuwa jiji, kwa tingatinga. Miaka hiyohiyo Seventh Avenue ilikuwa ikichanwa kuelekea kusini kupitia katikati ya kijiji ili treni ya chini ya ardhi ipite, na kituo cha Christopher Street cha njia hiyo kikafunguliwa mwaka 1918. Majengo mengi yaliondolewa. Hapa kwetu tungesema yalipigwa X nyekundu. Moja lilikuwa la familia ya Hess. Jengo lilipovunjwa na ardhi kuchukuliwa, wapimaji walisahau kipande cha pembetatu ambacho pande zake hazifiki mita moja. Jiji likaomba familia iwaachie kipande hicho kiwe njia ya miguu. Familia ikakataa, na mwaka 1922 ikakiwekea vigae vyenye maandishi yanayosema kwamba hii ni mali ya mirathi ya Hess na haijawahi kutolewa kwa matumizi ya umma. Vigae vipo mpaka leo, mbele ya lililokuwa duka la sigara. Nilivitazama nikawaza ukuta wa barabarani huku kwetu wenye maandishi ya rangi nyekundu, PLOTI HII HAIUZWI, nikajisikia nyumbani kuliko mahali pengine popote katika safari ile.

Treni ilipofika, watu wa kwingineko wakaja kuwatazama wasanii. Mikahawa ikajipamba mishumaa kwa ajili ya wageni, na wenye nyumba wakaona. Malalamiko kwamba Village imekufa yalianza wakati ule, kwa hiyo yana umri wa miaka mia. Mtaa uliendelea kufa hivyo kwa nusu karne huku ukitoa muziki.

Muziki nao haukustawi kwa sababu serikali ilikuwa laini. Sheria ya jiji ya mwaka 1926 ilidai leseni maalumu kwa ukumbi wowote ambao watu wangecheza dansi, na haikufutwa hadi 2017. Kuanzia 1940 hadi 1967 mwanamuziki wa ukumbi wa usiku alihitaji kadi ya polisi, na kadi hiyo iliweza kunyang’anywa. Mwimbaji wa jazi Billie Holiday alinyimwa baada ya kufungwa mwaka 1947. Mpiga piano Thelonious Monk alipoteza yake mwaka 1951, akakaa miaka bila kupiga kwenye vilabu vya jiji lake. Rafiki yangu wa Kondele aliposikia hayo alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kanjo, askari wa manispaa, wa kijiji jirani. Lakini mwishoni mwa 1938 pale Sheridan Square ukumbi uitwao Café Society ulifungua milango kwa weusi na weupe kukaa meza moja, jambo ambalo vilabu vikubwa vya jiji havikuruhusu, na huyo Holiday ndiye aliyekuwa akiimba.

Uwanjani, watu wa magitaa walikuwa wakikutana kila Jumapili tangu miaka ya 1940. Mwaka 1961 idara ya bustani ikawanyima kibali. Tarehe 9 Aprili mamia wakaja na magitaa yao hata hivyo, polisi wakawasukuma, baadhi wakakamatwa, na baada ya wiki chache kibali kikarudi. Kabla ya hapo akina mama wa mtaa walikuwa wameshinda vita vikubwa zaidi. Robert Moses, bwana mkubwa wa barabara za New York, alitaka kupitisha barabara ya magari katikati ya uwanja. Shirley Hayes na wenzake wakapinga kuanzia 1952, mwandishi Jane Jacobs akajiunga, na mwaka 1958 uwanja ukafungiwa magari badala ya kufunguliwa.

Mwaka 1969, hatua mbili

Sasa turudi kwenye swali la kodi. Mwaka 1969 yalitokea mambo mawili ambayo mgeni huyaona kama jambo moja.

La kwanza ni la matofali. Kituo cha treni cha Pennsylvania, jengo ambalo wengi walidhani halingeguswa, kilianza kubomolewa mwaka 1963. Hasira iliyofuata ilizaa sheria ya 1965 ya kulinda majengo ya kihistoria, na Aprili 1969 sehemu kubwa ya Village, majengo zaidi ya 2,000, ikatangazwa eneo la kihistoria. Tangu hapo mwenye nyumba hawezi kubadilisha sura ya nje bila kibali cha tume. Dirisha, mlango, ngazi za mbele, vyote vinaangaliwa. Ndani, tume haina habari na anayelala humo. Awe mshairi, awe mkurugenzi wa benki, mradi dirisha ni lilelile.

La pili ni la watu. New York ilikuwa na udhibiti wa kodi tangu vita, mwaka 1943, na mwaka 1969 ukaongezwa mfumo mpya. Nitaueleza polepole kwa sababu hapa ndipo hata wakazi wa New York huchanganyikiwa. Mfumo wa zamani unamlinda mtu: kama jengo lilijengwa kabla ya Februari 1947, na mpangaji au jamaa aliyemrithi ameishi humo mfululizo tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1971, kodi yake inapanda kwa kipimo kilichowekwa na serikali. Akifa bila mrithi wa kisheria au akihama, ulinzi wa aina hiyo unakwisha. Mfumo wa 1969, jinsi ulivyokuja kupanuliwa baadaye, unalinda chumba: kila mwaka bodi ya jiji hutangaza asilimia ambayo mwenye nyumba anaweza kuongeza, na mpangaji ana haki ya kupewa mkataba mpya. Lakini kwa majengo ya zamani unahusu yale yenye makazi ya kupanga sita au zaidi ndani yake.

Sita. Ikumbuke namba hiyo unapotembea Bedford Street au Grove Street ukipiga picha. Nyumba zile nzuri, nyembamba, za ghorofa tatu, zilizookolewa na sheria ya matofali, nyingi zina nafasi ya wapangaji watatu au wanne. Mpangaji wa zamani akiondoka, na kwa kuwa makazi humo hayafiki sita, ulinzi unaishia mlangoni. Na kwa kuwa ni marufuku kuibomoa au kuirefusha ghafla, nyumba hiyo ni kitu ambacho hakitengenezwi tena, na kitu kisichotengenezwa tena hununuliwa na mwenye pesa. Anainunua yote, anaondoa kuta zilizogawanya vyumba, anarudi kuishi na familia moja kama mwaka 1830. Mlango wa mbele unabaki na rangi ileile.

Yaani uzuri wa mtaa na unyonge wa mpangaji vimekaa katika nyumba moja. Sidhani kuna aliyekusudia hivyo. Hatua mbili zilichukuliwa mwaka mmoja na watu wenye nia njema, na katika nyumba ndogo, moja ikampa mwenye mali bei na nyingine ikamwachia mlango.

Mfano mdogo, kwa maana zote: namba 75½ Bedford Street, nyumba ya mwaka 1873 yenye upana wa mita 2.9 hivi. Haufikii urefu wa matatu ya abiria 14. Mshairi Edna St. Vincent Millay aliishi humo miaka ya 1920. Mwaka 2013 iliuzwa dola milioni 3.25.

Majengo makubwa kidogo, yale yasiyopigwa picha, ndiyo yaliyoficha watu. Bibi anayehudumiwa na mpwa wangu yuko humo, ghorofa ya tano, hakuna lifti. Aliingia akiwa msichana anayefundisha piano, hajahama. Nilipanda kumsalimia, nikafika juu nikihema kuliko yeye. Kodi yake, alisema, ni kichekesho ukiilinganisha na ya kijana wa chumba cha pili, na mwenye nyumba anamsalimia kwa upole wa mtu anayengoja. Alisema hivyo akimimina chai, bila chuki. Kuta zake zina picha za watu walioishi ngazi ileile, na alinionyesha mmoja mmoja amekwenda wapi: Vermont, New Mexico, kaburini.

Kuanzia miaka ya 1990 hadi 2019 kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea: kodi ya chumba ikifikia kiwango fulani na chumba kikawa wazi, kilitolewa kwenye ulinzi moja kwa moja. Unaweza kukisia wenye nyumba walifanya nini kila chumba kilipokuwa wazi. Sheria ya Juni 2019 iliufunga mlango huo, lakini vilivyokwisha kutoka havikurudishwa.

Kenya nayo ina sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na mahakama yake ndogo ya kodi. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta chumba cha bei hiyo chenye maji na stima karibu na mji wa Kisumu, ukikipata niite. Kwetu mpangaji hupata habari za kodi mpya kwa karatasi ambayo keyateka, mwangalizi wa ploti, huibandika langoni usiku, na kinachomlinda ni mazoea mazuri na mama mwenye ploti, kama yapo. Na tunajua pia jinsi mahali panavyoweza kubaki midomoni tu: waliokula samaki Lwang’ni, kabla vibanda havijabomolewa wakati bandari ikikarabatiwa, bado huelekeza wageni kwa jina hilo.

Ukibahatika kwenda

Nenda Jumapili mchana, ukae kwenye benchi la Washington Square. Hakuna kiingilio. Wanamuziki bado wanakuja, wengi wakitokea Brooklyn na Queens na vyombo mgongoni. Christopher Street pita taratibu. Baa ya Stonewall, ambako wateja mashoga walipambana na polisi waliowavamia Juni 1969, mwaka uleule tena, imekuwa kumbukumbu ya taifa tangu 2016. Usitafute njia kwa namba. Mikahawa inayojitangaza kuwa fulani alikunywa hapa iache; kahawa yake haitofautiani, bei ndiyo tofauti. Angalia kengele za milangoni. Mlango wenye kitufe kimoja ni nyumba ya familia moja. Mlango wenye vitufe kumi na viwili, majina yameandikwa kwa kalamu na mengine yamefifia, hapo ndipo penye Village iliyobaki.

Halafu shuka hadi karibu na mto, penye jengo kubwa lisilo na urembo linaloitwa Westbeth. Lilikuwa maabara za kampuni ya simu, Bell, tangu 1898 hadi 1966. Mwaka 1970 lilifunguliwa kama makazi ya wasanii, nyumba zaidi ya 380 zenye kodi nafuu iliyowekewa masharti: lazima uonyeshe kazi zako, na kipato chako kisizidi kiasi. Wachoraji, wacheza dansi, wanamuziki wameishi humo, na kwa kuwa hakuna anayetaka kutoka, wamezeekea humo. Orodha ya kusubiri imewahi kufungwa kwa miaka mingi kwa sababu ya urefu wake. Ni mahali ambapo usanii wenyewe ndio unaokufungulia mlango wa chumba.

Hayo yote nilimweleza rafiki yangu, kwa zamu mbili za chai na chapati moja tuliyogawana. Alisikiliza ya makamishna, ya nguruwe mnono, ya kitufe kimoja na vitufe kumi na viwili. Nilipofika Westbeth akainua gitaa, akakaza waya mmoja uliokuwa umelegea, akaniuliza fomu zao zinachukuliwa wapi.